Mbwa wa mbio aliyeambiwa anadeka: uchambuzi wa kisa cha greihaundi asiyekula

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa Uingereza, nikiwa muuguzi katika kliniki ya wanyama. Jina la mbwa nimelibadilisha, nitamwita Mshale. Mji, kliniki na kituo kilichomtoa sivitaji, na familia imeniruhusu kusimulia. Nimekiandika kwa Kiswahili kwa sababu familia ni Waswahili wenzetu, na sehemu kubwa ya kisa ilipita kwenye sufuria zetu, katika mapishi ambayo karibu kila mmoja wetu huyaanza kwa kukaanga kitunguu.

Usuli

Mshale ni greihaundi, jamii ya mbwa wembamba wanaofugwa kwa mbio, dume aliyehasiwa, wakati huo akiwa na miaka minne. Alizaliwa Ireland. Tulilijua hilo kwa kumtazama masikio tu, maana greihaundi wa mbio waliosajiliwa Ireland huchorwa alama masikio yote mawili, na wa Uingereza huchorwa la kulia peke yake. Alikimbia kwenye viwanja vya Uingereza kwa muda usiofika miaka miwili. Viwanjani mbwa hukimbia kuelekea kushoto, kinyume cha saa, na kwenye kona mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo mkubwa. Hapo ndipo mfupa wa kifundo ulipompasuka. Mguu ukapona vizuri kwa kutembelea ila si kwa mbio, akapelekwa kituo kinachowatafutia makazi mbwa wastaafu.

Asiyemjua mbwa wa namna hii huenda akadhani amehamia nyumbani akitokea nyumba nyingine. Sivyo. Mbwa wa mbio hukulia bandani, mara nyingi akilala na mwenzake mmoja. Hajawahi kupanda ngazi za nyumba, hajui mlango wa kioo, hajasikia mashine ya kufulia ikizunguka, wala hajakanyaga sakafu ya vigae. Chakula chake huja kwa saa ileile kila siku. Asubuhi hupata kitu chepesi kama nafaka na maziwa, kisha mlo mkubwa wa nyama iliyopikwa pamoja na mkate au biskuti za mbwa zilizolowekwa, na mboga kidogo ndani yake. Ni chakula laini, kinachomezwa bila kutafunwa sana. Kwa hiyo meno hayapati msuguano, na greihaundi kama jamii tayari ni wepesi wa kuugua fizi. Naomba msomaji aiweke akilini sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe niliijua na bado sikuikumbuka ilipohitajika.

Familia iliyomchukua ni mume, mke na watoto wawili wa shule ya msingi, wazaliwa wa Tanzania. Mama mzazi wa mke alikuwa amekuja kuwatembelea kwa miezi sita. Hawakuwahi kufuga mbwa ndani ya nyumba, lakini walijiandaa: walinunua godoro, koti la baridi, na kibao cha kuinulia bakuli. Kituo kiliwapa mfuko wa chakula kikavu alichokizoea na karatasi zake za matibabu. Siku anakabidhiwa, mwanzoni mwa Agosti, Mshale alikuwa na kilo 33.8.

Siku kumi za kwanza

Hakula siku ya kwanza. Siku ya pili alinusa, akalamba punje mbili tatu, akaondoka. Jioni hiyo mume akaenda dukani kununua chakula cha bei kubwa zaidi, kwa imani kwamba kile cha kituo hakikuwa kizuri. Kikakataliwa. Kikafuata cha kopo, cha kopo aina nyingine, kuku wa kuchemsha na wali, soseji, na mwisho jibini iliyokunwa juu ya kila kitu. Ndani ya siku tisa Mshale aliwekewa vyakula sita tofauti. Vile laini alivila kidogo na kuviacha. Vile vikavu alivisogelea, akavinusa kwa muda mrefu, akageuza kichwa.

Bakuli lilikuwa la chuma, juu ya kile kibao, kwenye kona ya jikoni kati ya mashine ya kufulia na mlango wa bustani. Watoto walisimama pembeni wakimhimiza: "Kula, Mshale, kula!" Walifanya hivyo kwa upendo. Hebu mtazame sasa kwa macho yake. Miguu inateleza kwenye vigae, nyuma kuna kona isiyo na pa kutokea, bakuli linagonga kila medali ya shingoni inapoligusa, na watu wanne wanamkazia macho.

Siku ya kumi mke alinipigia simu. Tunafahamiana, huniita dada.

"Dada, huyu mbwa anadeka. Kila chakula anachagua. Tumechoka."

Nilimuuliza kama anatapika, kama anaharisha, kama anakunywa maji. Hakutapika, hakuharisha, maji alikunywa. Nikampa ushauri ambao nimewapa wengi: rudini kwenye chakula kimoja, wekeni bakuli kwa dakika kumi na tano, asipokula liondoeni, msimpe kingine mpaka mlo unaofuata. Mume akasikika nyuma ya simu akisema njaa itamfunza adabu.

Ushauri ule si wa uongo. Una mahali pake, na baadaye katika kisa hiki ulifanya kazi. Kosa langu lilikuwa kuutoa kwa mbwa ambaye sikuwa nimemwona akila. Sikuuliza anakataa vipi. Sikuuliza kuhusu mdomo. Nilipokea neno "anadeka" kama maelezo ya ugonjwa, nikaagiza tiba ya kudeka.

Supu ya bibi

Kwa siku tatu walifuata nilivyosema. Mshale alikula vijiko vichache usiku, pale tu bakuli lilipoachwa kwenye korido yenye zulia. Siku ya kumi na tatu bibi akasema basi. Katika maisha yake hajaona mtu mwenye akili akimnyima mgonjwa chakula ili apate hamu ya kula. "Mgonjwa haulizwi uji," alimwambia mwanawe, akaingia jikoni.

Alichemsha mifupa ya supu ya ng'ombe yenye nyama kama anavyowapikia wajukuu: kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, chumvi. Akatoa mifupa, akavunjia mkate ndani, akaacha ipoe mpaka iwe vuguvugu, akaipeleka koridoni na kuketi mbali kidogo akitazama pembeni. Mshale alimaliza bakuli zima. Nyumba nzima ilishangilia. Tangu siku hiyo akawa anapata supu mara mbili kwa siku, na hakuna aliyejali tena kuhusu kile chakula kikavu.

Nikitazama nyuma, supu ile ilikuwa na majibu yote ya kisa, ila sisi tulisoma jibu moja tu, na lenyewe kimakosa. Ilikuwa laini, vuguvugu, yenye harufu, imewekwa mahali pasipoteleza, na imetolewa na mtu asiyemkodolea macho. Familia ikahitimisha kwamba mbwa anapenda mapishi ya nyumbani, yaani kweli anadeka. Kumbe ndani ya supu hiyohiyo mlikuwa na kitu kinachovunja damu yake.

Siku ya ishirini na saba walimleta kliniki. Alikuwa amelala kutwa nzima, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai kavu. Fizi zake zilipauka. Mizani ikasoma kilo 30.7. Alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 9 ya uzito wake, na familia haikuona. Greihaundi mwenye afya huwa mwembamba, na mbavu mbili tatu za mwisho zikionekana si tatizo. Wiki za kwanza walikuwa wakijibizana na wapita njia waliosema wanamnyima chakula, wakajizoesha kutotazama mbavu. Alipokonda kwelikweli, jicho lilikuwa limekwisha kuzoea.

Damu iliyosomeka kuwa ya kawaida

Mashine ya maabara yetu huchapa matokeo pamoja na viwango vya mbwa wa kawaida. Sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu ilikuwa asilimia 39, na karatasi haikuweka alama yoyote pembeni, kwa sababu kwa mbwa wa jamii nyingi kiwango huanzia asilimia 37 hivi. Ilichowekea alama ni vitu vingine: homoni ya tezi ya thairoidi ilikuwa chini, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa chache, na kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kujua hali ya figo, ilikuwa juu kidogo. Daktari kijana aliyekuwa zamu alianza kuzungumzia dawa za tezi na uchunguzi wa figo. Simlaumu. Karatasi ndivyo ilivyosema.

Daktari wetu mkubwa alifanya kazi miaka mingi na mbwa wa mbio. Aliichukua ile karatasi na kuisoma kinyume kabisa. Greihaundi ana chembe nyekundu nyingi kuliko mbwa wengine, mara nyingi kati ya asilimia 50 na 65, kwa hiyo 39 kwake ni upungufu wa damu wa wazi. Homoni ya tezi kuwa chini ni hali yake ya kawaida, na greihaundi wengi wamewahi kupewa dawa za tezi wasizozihitaji. Chembe sahani chache ni kawaida yake pia. Kreatinini hupanda kwa sababu ya wingi wa misuli. Kwa kifupi, vyote vilivyowekewa alama vilikuwa salama, na kilichoachwa bila alama ndicho kilikuwa hatari.

Akaniomba nitafute karatasi za kituo. Zilikuwa kwenye bahasha ileile waliyopewa siku ya kwanza, haijafunguliwa. Ndani mlikuwa na kipimo cha damu kilichofanywa kabla ya kuhasiwa: asilimia 58. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa mkono uliosema meno yana ugaga na yanahitaji kuangaliwa.

Tone la damu lilipotazamwa kwa hadubini, chembe nyekundu nyingi zilionekana na vinundu viitwavyo vya Heinz, alama ya chembe zilizounguzwa na sumu. Hapo ndipo nilipouliza swali la chakula kama linavyopaswa kuulizwa, kiungo kwa kiungo. Nilimgeukia bibi, aliyekuja naye kliniki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nieleze hiyo supu unaipikaje, toka unawasha jiko."

Alinieleza bila kuacha kitu. Vitunguu viwili kwa sufuria, kila siku, na kitunguu saumu juu yake. Kitunguu maji, kitunguu saumu na jamii yao yote, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za mbwa. Vitabu vya tiba hutaja kwamba sumu huonekana mbwa akila kitunguu cha kuzidi nusu asilimia ya uzito wake kwa mkupuo mmoja. Kwa Mshale hiyo ni kama gramu 155, sawa na kitunguu kimoja kikubwa. Kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku nacho hujilimbikiza madhara, na kuchemsha hakuondoi sumu, huihamishia kwenye mchuzi. Alikuwa amekunywa mchuzi huo kwa wiki mbili.

Bibi alinyamaza muda mrefu. Nilimwambia kweli tupu: bila supu yake huyu mbwa angekuwa hajala chochote kwa mwezi mzima, na hakuna yeyote kati yetu aliyemwambia kuhusu kitunguu. Sikuwa namfariji. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, na sikuwa nimeuliza.

Kisha akasema kitu kilichobadilisha mwelekeo wa kisa.

"Mwanangu, huyu njaa anayo. Anakuja mbio. Akifika kwenye kile kikavu anaweka punje mdomoni upande huu," akajigusa shavu la kushoto, "anaiangusha. Halafu ananitazama. Kuna kitu kinamuuma."

Yeye peke yake katika nyumba ile alikuwa amekaa chini na kumtazama mbwa akila. Tulipomwinua Mshale mdomo, upande wa kushoto wa juu ulikuwa umejaa ugaga mpaka gego kubwa la kukatia nyama halionekani umbo. Fizi juu yake ilikuwa nyekundu iliyokoza, na harufu ilitosha.

Tuliyoamua, na kwa nini

Jambo gumu lilikuwa mpangilio. Mdomo ulihitaji upasuaji, na upasuaji unahitaji nusukaputi. Kumlaza greihaundi aliyekonda, mwenye upungufu wa damu, kwa ajili ya kung'oa meno yanayovuja damu, lilikuwa ni jambo la kuahirisha ikiwezekana. Lakini kuahirisha ni kumwacha na maumivu. Daktari aliamua kusubiri damu ipande hadi karibu asilimia 50, na katika muda huo tumtibu maumivu na maambukizi kwa dawa za mbwa zilizopimwa kwa uzito wake. Parasetamoli iliwekwa kando kabisa kwa kuwa nayo huweza kuzidhuru chembe nyekundu. Niliwasisitizia wasimpe kidonge chochote kutoka kabati la nyumbani.

Chakula kilipangwa kwa hesabu. Mahitaji ya mbwa akiwa ametulia hukadiriwa kwa kuzidisha 70 kwa uzito wake uliopandishwa kipeo cha 0.75. Kwa kilo 31 tulipata karibu kilokalori 920 kwa siku. Tukaanza na hizo, kwa milo minne midogo, tukilenga kufika karibu 1,580, yaani mahitaji ya mbwa wa kilo 34 aliyehasiwa anayeishi maisha ya kawaida. Tulichagua chakula kimoja tu, kilekile cha mfuko wa kituo, kikilowekwa kwa maji ya moto kwa nusu saa na kutolewa kikiwa vuguvugu kama joto la mwili. Joto huamsha harufu, na ulaini uliuondolea mdomo kazi ya kutafuna.

Supu haikufutwa. Hili lilinihusu sana, na nililitetea mbele ya daktari. Mshale alikuwa anamwamini mtu mmoja tu kuhusu chakula, na mtu huyo alikuwa bibi. Kumwondoa jikoni kungevunja uzi pekee tuliokuwa nao. Kwa hiyo bibi akaendelea kupika, nyama na karoti na maji, bila kitunguu, bila saumu, bila chumvi, na mchuzi wake ukawa wa kumiminia juu ya kile chakula, usizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Alinung'unika kidogo kwamba supu isiyo na kitunguu ni maji ya kunawia, lakini aliipika.

Kibao cha kuinulia bakuli tulikiondoa. Wenye greihaundi wengi hukipenda kwa sababu ya shingo ndefu ya mbwa hawa, ila utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliona mbwa wakubwa waliokula kwenye bakuli lililoinuliwa walikuwa na hatari zaidi ya tumbo kujaa hewa na kujipinda, na greihaundi ana kifua kirefu cha aina inayopatwa na balaa hilo. Mjadala wa jambo hili haujafungwa. Kwa Mshale hatukuona faida ya kukibakisha.

Wiki mbili baadaye damu ilikuwa asilimia 48 na uzito kilo 31.3. Siku ya hamsini na tano, damu ikiwa 53 na uzito 31.9, alilazwa. Alifunikwa kwa blanketi la joto tangu mwanzo, maana mbwa asiye na mafuta chini ya ngozi hupoa haraka mezani. Alipewa pia dawa ya kuimarisha damu iliyoganda, kwa sababu greihaundi huweza kuanza kuvuja damu siku moja au mbili baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Eksirei ya mdomo ilionyesha jipu kwenye mzizi wa lile gego la kushoto. Meno tisa yaling'olewa. Nililishika lile gego mkononi, nikakumbuka simu ya siku ya kumi.

Baada ya meno

Asubuhi ya pili baada ya upasuaji alikula bakuli zima. Kila mtu alidhani kisa kimekwisha, mimi nikiwemo. Fizi zilipopona baada ya wiki mbili, familia ikarudisha bakuli jikoni, na Mshale akaacha tena kula.

Hapa sasa hakukuwa na maumivu. Nilikwenda nyumbani kwao nikakaa sakafuni koridoni, nikatazama. Alifika kwenye mpaka wa zulia na vigae, akaweka mguu mmoja wa mbele, ukateleza, akaurudisha. Macho yalikuwa kwenye bakuli. Mate yalimtoka. Alisimama pale mpakani kama dakika nne, kisha akaenda kulala.

Tulitandika mkeka wa mpira kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli, tukahamisha bakuli mbali na mashine ya kufulia, akipewa nafasi ya kusimama akiutazama mlango. Bakuli la chuma likabadilishwa na la udongo zito, na medali ya shingoni ikavuliwa wakati wa mlo. Watoto walipewa kazi nyingine: kupima chakula kwa kikombe na kuandika kwenye daftari, kisha kutoka jikoni. Milo ikawa miwili, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Na ile kanuni ya dakika kumi na tano ikarudi. Safari hii ilikuwa mahali pake, kwa sababu mbwa hakuumwa, hakuogopa, na alichobaki nacho ni mazoea ya kusubiri jibini. Alikosa milo miwili. Wa tatu akala.

Matokeo

Miezi sita tangu achukuliwe, Mshale alikuwa na kilo 34.4 na damu ya asilimia 57. Anakula chakula kimoja, kimelowekwa nusu kwa nusu. Si mlafi na sitarajii awe. Mwanzoni mwa Novemba, Waingereza walipolipua fataki kama kawaida yao ya tarehe 5, alikaa siku mbili bila kula na familia ikanipigia. Waliponiambia kwamba anakimbia chumbani kila mlio, bila kuangusha chakula mdomoni, nilijua tofauti yake na ile ya Agosti. Tulimhamishia bakuli koridoni, mapazia yakafungwa, redio ikawashwa, na siku ya tatu akarudi kawaida.

Bibi amerudi Tanzania. Kwenye simu ya video huuliza mbwa kwanza, wajukuu baadaye.

Uchambuzi

Kilichoshindwa kwanza kilikuwa neno. "Anadeka" ni hukumu kuhusu tabia, na ikishatolewa kila kinachofuata huisaidia. Alipokataa kikavu, anadeka. Alipokubali supu, anadeka zaidi. Laiti mke angeniambia "anasogelea chakula, anakinusa, anageuza kichwa," ningekuwa na kitu cha kufanyia kazi. Lakini kulipata neno hilo ni jukumu la anayeuliza, na aliyeuliza vibaya nilikuwa mimi. Mbwa asiyetaka chakula haji kwenye bakuli. Mbwa anayekuja, akasita, akaondoka, anataka na kuna kinachomzuia. Tofauti hiyo huonekana kwa macho katika dakika mbili, bila kipimo chochote.

Kubadilisha vyakula sita kwa siku tisa kulileta hasara mbili. Ya wazi ni kwamba mbwa alijifunza kungoja. Isiyoonekana haraka ni kwamba mabadiliko mengi yalificha mpangilio uliokuwa wazi: kila laini alikula kidogo, kila kikavu aliacha. Kama wangebaki na chakula kimoja na kukilowesha siku moja, kukiacha kikavu siku nyingine, mdomo ungejisema wenyewe wiki ya kwanza.

Damu ilitufundisha sisi wa kliniki zaidi ya familia. Tulikuwa hatua moja kutoka kumwanzishia mbwa huyu dawa za tezi kwa maisha yake yote, na kumrudisha nyumbani aendelee na supu ya vitunguu. Kilichomwokoa ni daktari anayeijua jamii ya mbwa na karatasi ya zamani ya mbwa huyohuyo. Hiyo ya pili ndiyo ningeitilia mkazo kwa mwenye greihaundi yeyote: kipimo chake mwenyewe alipokuwa mzima kina thamani kuliko viwango vya mashine. Bahasha ile ifunguliwe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kumbakiza bibi. Kwenye kliniki nyingi angepewa karatasi ya vyakula vya sumu na kuambiwa aache kupika. Angeacha, na asingesema lolote kuhusu punje iliyokuwa ikianguka, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hasimulii alichokiona. Sisi watoa huduma tunaotoka nyumbani kwa wenzetu tuna nafasi ambayo daktari mgeni hana. Naliweza kumwamkia kwanza, nikamwuliza anapikaje toka anawasha jiko, naye akanipa kiungo kilichokuwa sumu na dalili ya jino katika mazungumzo mamoja.

Sasa mtu akinipigia kuhusu mbwa asiyekula, simuulizi anapewa nini mpaka nimeuliza nani hukaa naye anapokula. Huyo ndiye ninayeomba apewe simu.